Mama na Mtoto Wasikae Siti ya Mbele, na Sababu Iko Chini ya Spanji

Leo siongei mambo ya mafuta wala gari gani inauzika haraka. Leo naongea kuhusu heshima moja tuliyo nayo huku kwetu, ambayo nataka tuiache.

Ukisafiri kutoka Kitale kuja Bungoma, iwe ni gari ya familia au ile Probox ya kuchangia nauli, lazima utasikia hii kauli: "Mama ako na mtoto, mwachieni mbele." Watu wanapisha. Kijana aliyekuwa amejichagulia siti ya mbele anarudi nyuma bila kuambiwa mara mbili. Mama anakaa, mtoto mapajani, begi la nepi miguuni, safari inaanza. Kila mtu anajisikia ametenda wema, na kweli ni wema. Lakini kama hiyo gari iko na mfuko wa hewa upande wa abiria, hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote unapoweza kumweka mtoto mchanga. Na ni wema wetu ndio umempeleka hapo.

Kwa sababu natengeneza video za magari, kila nikigusia hii maneno najibiwa hivi: "Wewe kijana, gari za siku hizi ziko na sensa kwa siti. Inajua ni mtoto. Inajizima." Basi wacha tuongee kuhusu hiyo sensa, kwa sababu naona wengi wanaiamini kuliko inavyostahili.

Sensa, au kihisi kama wanavyosema wenye Kiswahili sanifu, ni kifaa kinachokaa ndani au chini ya siti. Si ile sensa ya serikali ya kuhesabu watu, ingawa kazi zao ni kama zimekaribiana. Iko ya aina kadhaa.

Ya kwanza ndiyo rahisi kabisa. Ni karatasi mbili za plastiki zenye vijistari vya kupitisha umeme, zimewekwa kati ya spanji na kitambaa cha siti. Ukikaa, karatasi zinagusana, umeme unapita, gari inajua kuna kitu. Hiyo tu. Haijui ni mtu au ni mzigo. Ndiyo maana ukiweka gorogoro 10 za mahindi kwa siti ya mbele, gari inaanza kukupigia kelele ufunge mkanda. Hii kazi yake ni kukumbusha mkanda, si kutambua mtoto.

Ya pili ni kimfuko chenye majimaji mazito ya silikoni chini ya spanji. Ukikaa, presha inapanda, na kompyuta inakisia uzito wako kutokana na hiyo presha. Ya tatu ni vipimo vinne kwenye pembe za siti, pale inapofungwa kwa bolti. Chuma kinapinda kidogo sana ambacho jicho haliwezi kuona, upinzani wa umeme unabadilika, na kompyuta inajumlisha pembe zote nne. Kuna pia mikeka inayosoma uzito umelalia wapi, ili kutofautisha makalio ya mtu na kitako cha kiti cha mtoto. Nyingine zinaongezewa kipimo cha mkanda, kwa sababu kiti cha mtoto kikikazwa sana kinavutwa chini na kuonekana kizito kuliko kilivyo.

Hizi aina za juu ndizo zinaweza kuamua kama mfuko wa hewa uwashwe au uzimwe, na zinakuonyesha uamuzi wao kwa taa ndogo iliyoandikwa PASSENGER AIR BAG OFF. Ni kazi ya akili sana, siwezi kuibeza. Lakini angalia vizuri kile zinachofanya: zinapima kilo. Haziwezi kuona uso wala kusikia kilio, na hazijui nani amembeba nani.

Sasa rudi kwa mama yetu. Tuseme ana kilo 60. Mtoto ana kilo 9. Siti inasoma kilo 69. Kompyuta inajiuliza: huyu ni nani? Jibu liko wazi, huyu ni mtu mzima. Mfuko wa hewa unabaki umewashwa, tayari. Hakuna kilichoharibika na hakuna fundi wa kulaumiwa. Mashine imefanya kazi yake sawasawa, na kwa kufanya kazi yake sawasawa imemwacha mtoto akiwa kati ya mama na kitu kinachofumuka kwa karibu sehemu 30 za elfu moja za sekunde. Kupepesa jicho kunachukua muda mrefu kuliko huo. Mfuko unatafuta kifua cha mtu mzima, na kitu cha kwanza unachokutana nacho ni kichwa cha mtoto.

Kwa hivyo hata ukiwa na gari ya bei gani, yenye kihisi kipya kabisa, mtoto akiwa mapajani kihisi hicho hakina msaada kwake. Hiyo ndiyo hoja yangu yote leo. Mengine ni maelezo.

Kuna mtu ataniambia ninatisha watu. Hapana, haya yalishatokea kwa wenzetu. Marekani waliweka mifuko ya hewa kwa wingi miaka ya 1990. Shirika lao la usalama barabarani, NHTSA, linakadiria kuwa kati ya 1990 na 2008 zaidi ya watu 290 waliuawa na mfuko wa hewa wa mbele wenyewe, tena kwenye ajali za mwendo mdogo. Si ajali za kugongana na lori, ni ajali ambazo watu wengine kwenye gari wangetoka wakijipangusa vumbi. Wengi wa waliokufa walikuwa abiria, na kati ya abiria hao zaidi ya asilimia 90 walikuwa watoto. Zaidi ya asilimia 80 ya waliokufa hawakuwa wamefunga mkanda, au walikuwa wameufunga vibaya.

Hivi vihisi vya kutambua mtoto vilikuja kwa sababu hiyo. Mwaka 2000 Marekani ilitunga kanuni mpya, ikaanza kutekelezwa kwa awamu kuanzia Septemba 2003, na kufikia Septemba 2006 gari zote mpya ndogo zilipaswa kuifuata. Viwanda vikaanza kupima kwa sanamu: kukiwa na sanamu ya mtoto wa miaka 6, yenye kilo kama 23, mfuko ujizime au ufumuke kwa upole usiodhuru. Kukiwa na sanamu ya mwanamke mdogo wa mwili, kilo kama 49, mfuko uwe tayari. Yaani kihisi cha siti kiliandikwa kwa damu ya watoto, na kilitengenezewa mtu mmoja kwa siti moja, amekaa wima, amefunga mkanda. Sasa niambie, lini mara ya mwisho uliona siti ya mbele barabara yetu ikiwa na mtu mmoja, amekaa wima, amefunga mkanda?

Na hiyo ni kanuni ya Marekani. Sisi hatununui gari zilizotengenezewa Marekani. Tunanunua mtumba wa Japani, usiozidi miaka 8, ukishushwa Mombasa. Gari nyingi ndogo za soko la Japani ziko na mfuko wa hewa upande wa abiria, lakini kihisi cha siti ni kile cha kwanza tu, cha kupiga kelele ya mkanda. Gari ya jina lilelile iliyouzwa Marekani inaweza kuwa na kihisi cha kuzima mfuko, ya kwako haina. Kwa hivyo yule anayeniambia "inajizima", ningeomba kwanza aende aangalie dashibodi yake. Kama hakuna taa yoyote ya PASSENGER AIR BAG OFF, hakuna kinachojizima. Angalia pia kile kizuia jua upande wa abiria. Kama kikaratasi hakijabanduliwa, utaona picha ya kiti cha mtoto imekatwa kwa mstari mwekundu, na maandishi ya Kijapani pembeni. Hatusomi Kijapani, lakini hiyo picha haihitaji mkalimani.

"Lakini mimi nimemshika mtoto wangu imara." Hii nayo naisikia sana, na inatoka kwa upendo, kwa hivyo nitaijibu kwa hesabu taratibu. Gari ikienda kilomita 50 kwa saa inasafiri karibu mita 14 kila sekunde. Igonge kitu isimame kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mtoto wa kilo 10 anavuta mbele kama uzito wa kilo 140. Gunia la mahindi ni kilo 90. Hivyo ni gunia moja na nusu linaruka kutoka mikononi mwako bila kukupa onyo. Watu wa Kitale mnajua gunia vizuri kuliko mtu yeyote Kenya hii. Ni mama gani, hata awe na nguvu za kulima ekari mbili kwa jembe, anaweza kudaka gunia na nusu akiwa ameketi?

Na tafadhali, usifungie mkanda mmoja kukuzunguka wewe na mtoto. Ukifanya hivyo, wewe ndiye gunia, na mtoto ndiye amebanwa kati ya gunia na kamba.

Sasa nije kwa tabia zetu na hizi siti, kwa sababu hata hicho kidogo gari inachotufanyia tunakiharibu kwa mikono yetu.

Kuna vile vifungo vya mkanda vinauzwa barabarani, kile kichuma kitupu tu bila mkanda. Unakichomeka, kelele inaisha, unaendelea na safari. Wengi wanadhani wamenyamazisha kengele pekee. Kwenye gari nyingi za kisasa, kile kifungo kinaongea pia na kompyuta ya mfuko wa hewa. Kwa abiria asiye na mkanda, mfuko kwa kawaida hufumuka kwenye mgongano unaolingana na kugonga ukuta kwa kilomita 16 hadi 19 kwa saa. Kwa aliyefunga, kompyuta inaweza kungoja hadi kama kilomita 26, ikijua mkanda unamshika. Ukichomeka kichuma kitupu, umeiambia kompyuta kwamba umefunga. Inakuamini, inangoja, na hakuna mkanda unaokushika. Umelipa pesa yako mwenyewe kudanganya kitu kilichowekwa kikulinde.

Pia kuna hii ya taa nyekundu ya mfuko wa hewa. Fundi anakuambia, "Mkubwa, hiyo taa ni kelele tu, nikuzimie?" Anaizima kwa kuondoa balbu au kuweka kirezista kidogo cha kudanganya kompyuta. Siwachukii mafundi wetu wa jua kali, ndio wanatubeba, na wengi wamenifundisha hiki ninachojua. Lakini ile taa ikibaki inawaka maana yake ni kwamba mfumo una hitilafu na huenda mifuko isifumuke kabisa siku ukiihitaji. Kuzima taa si kutengeneza. Ni kama kumpa mtoto mwenye malaria dawa ya kushusha joto halafu useme amepona.

Mara nyingi hitilafu yenyewe iko chini ya siti. Ingiza mkono uone waya na plagi za rangi ya manjano. Hizo ndizo za mfumo wa mifuko ya hewa. Zinalegea mtu akisukuma viatu na jeki chini ya siti. Zinaingia kutu gari ikioshwa ndani kwa maji mengi. Zinachomolewa mtu wa siti kava akitoa siti nje ili ashone vizuri, halafu anasahau kurudisha. Na kwa zile zenye vipimo vinne vya pembeni, siti ikishatolewa inatakiwa kupimwa upya kwa mashine ili kompyuta ijue sifuri ni wapi. Bila hivyo ni kama mizani ya mnunuzi wa mahindi iliyokorogwa: inakupa namba, lakini ni namba ya uongo.

Najua pingamizi zenu, wacha nizitaje. Wa kwanza anasema tumepanda mbele na watoto miaka yote na hatujafa. Ni kweli, na ni kwa sababu siku nyingi hakuna ajali. Mfuko wa hewa hauna shida mpaka siku utakapofumuka. Tena zamani gari nyingi hazikuwa na mfuko upande wa abiria. Gari zimebadilika, tabia yetu ya kukaa ndiyo haijabadilika.

Wa pili anasema basi heri tung'oe hiyo mifuko kabisa. Hapana. Kwa hesabu ya NHTSA, kati ya 1987 na 2017 mifuko ya mbele iliokoa watu 50,457 Marekani peke yake. Mtu mzima aliyefunga mkanda anaihitaji. Herufi SRS pale kwenye dashibodi zinasema kwamba huu ni mfumo wa nyongeza, maana yake ni msaidizi wa mkanda, si mbadala wake. Shida si mfuko. Shida ni nani tumemweka mbele yake.

Wa tatu ana hoja nzito zaidi: kiti cha mtoto ni ghali, na nyuma kumejaa. Hapa sitaki kujifanya. Mtu anayerudi Kimilili jioni na mtoto mgonjwa hachagui gari, anapanda inayokuja. Simlaumu mama yeyote. Ninaongea na sisi wengine: dereva, makanga, baba mwenye gari, kijana aliyekaa nyuma. Ubadilishanaji ni uleule, mwelekeo tu ndio tofauti. Badala ya kumtoa kijana mbele ili mama aingie, mtoe nyuma ili mama aingie. Haigharimu hata shilingi. Mtoto mapajani kwa siti ya nyuma bado hayuko salama kama aliye kwenye kiti chake, lakini angalau hakuna kitu kinachomlipukia usoni. Na kama gari haina mfuko wa hewa, bado mbele kuna dashibodi na kioo, na nyuma ni afadhali.

Mwenye uwezo wa kununua kiti cha mtoto, nunua. Kikae nyuma. Kile cha mtoto mchanga kinachoangalia nyuma kisiwekwe mbele hata siku moja kama mfuko hauna swichi ya kuuzima, na wewe mwenyewe umeiona taa ikisema OFF. Watoto wa hadi miaka 12 wakae nyuma. Ikilazimu kabisa mkubwa kidogo akae mbele, sukuma siti nyuma hadi mwisho na umfunge mkanda. Hata mtu mzima, acha angalau sentimita 25 kati ya kifua chako na mfuko. Wale wa kupandisha miguu kwa dashibodi tukielekea Webuye, nawaona pia.

Kwa wenye mamlaka nina ombi moja. Kifungu cha 22A cha Sheria ya Trafiki kinashughulikia mkanda, na asiyefunga anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500. Ni sawa. Lakini nataka NTSA, gari ikija kukaguliwa, iangalie kitu kinachochukua sekunde 10: washa ufunguo, taa ya mfuko wa hewa iwake, kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameichezea. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Hiyo haihitaji mashine ya pesa nyingi, inahitaji macho tu. Na wewe pia unaweza kuifanya leo kabla ya kulipa deposit ya gari ya mtumba, kwa sababu muuzaji atakuambia kuhusu rangi na redio, si kuhusu balbu iliyotolewa.

Msiniambie Wakenya hawabadiliki. Wazee wanatusimulia matatu zilivyokuwa kabla ya Februari 2004, watu wamening'inia mlangoni kama ndizi. Kanuni za waziri John Michuki zikaleta mikanda kwa kila siti na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Watu walilalamika, matatu zikagoma, na baadaye ikawa kawaida. Tumelegea tangu hapo, ndio, lakini tuliweza. Hii ninayoomba ni ndogo zaidi, na haihitaji gazeti la serikali.

Wikendi hii kuna mazishi, kuna harusi, kuna watu wanapeleka wajukuu kwa kukhu kule Chwele na Kiminini. Gari zitajaa. Mtu atasema, kwa moyo safi kabisa, "Mama ako na mtoto, mwachieni mbele." Ukiwa hapo, jibu kwa adabu: "Hapana, mama akae nyuma na mtoto, mimi nitakaa mbele." Watakuangalia vibaya kidogo, wataona unajitafutia siti nzuri. Wacha waone hivyo. Waeleze njiani, mkiwa mnaenda, mtoto akiwa amelala nyuma.